Shajara ya Mradi: Kitalu cha Abunusi ya Afrika ya Kati (Diospyros crassiflora)

Kiangazi kikuu: kutafuta miti mama

Msimu huu kazi kubwa imekuwa kutembea. Kabla ya kujaza udongo katika kiriba hata kimoja, ilitubidi tujue mbegu zitatoka wapi, na kwa mti huu swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana katika karatasi ya mpango. Diospyros crassiflora, ambayo wafanyabiashara wa mbao huiita abunusi ya Gabon ingawa huota pia Nigeria, Kameruni, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo zote mbili, ni mti wa tabaka la chini na la kati la msitu wa mvua. Urefu wake kwa kawaida hauzidi mita 20 hadi 25, na gome lake la rangi nzito lenye nyufa za wima hupotea katika giza la msitu kiasi kwamba asiyelizoea hupita karibu kabisa na shina bila kulitambua. Sisi tuko katika vijiji vya kandokando ya Hifadhi ya Dja, kusini-mashariki mwa Kameruni. Mti huu upo huku, lakini umetawanyika. Hakuna mahali utakapokuta kundi lake limesimama pamoja kama miti ya shambani.

Ugumu wa pili ni jinsia. Kama ilivyo kwa spishi nyingi za jenasi hii kubwa yenye spishi zaidi ya 700, mti mmoja huwa dume na mwingine jike. Maua ya dume hutoka kwa vishada, ya jike hutoka moja moja, yote yakiwa na petali nene za rangi ya malai, na nje ya kipindi cha maua na matunda hakuna jani wala gome litakalokuambia umesimama chini ya mti wa aina gani. Hivyo basi, mti uliopatikana baada ya saa nyingi za kutembea unaweza kuwa dume usiotufaa kwa mbegu, na jike aliyepatikana anaweza kuwa mbali na dume yeyote na asizae.

Njia iliyotusaidia ni kuacha kutazama juu na kuanza kutazama chini. Tunda la abunusi hubaki na kikombe cha ua lake, kile kigumu kinacholishika kwenye tawi, na kikombe hicho huchelewa kuoza kuliko nyama ya tunda. Ukifukua majani makavu chini ya mti jike utavikuta vikombe vya zamani vimegeuka rangi ya kahawa iliyoungua, na pembeni yake maganda ya mbegu yenye alama za meno ya panya. Wazee wa jamii ya Baka wanaotuongoza hawakuhitaji hata hayo. Wanaijua miti hiyo kwa sababu wanazijua njia za wanyama wanaoifuata.

Kila mti jike uliothibitishwa umepewa namba, umeandikwa mahali ulipo, kipenyo chake kwa kimo cha kifua, na umbali wake kutoka mti wa jirani. Kanuni ya kawaida ya ukusanyaji wa mbegu za miti ya asili hutaka miti mama isiyopungua 25 au 30, iliyoachana kwa mita 50 hadi 100 au zaidi, ili miche isiwe ndugu wa mama mmoja. Hatujafikia idadi hiyo. Wapo waliopendekeza tuanze na miti michache inayozaa sana iliyo karibu na barabara, kwa kuwa mbegu zake zingetosha kujaza kitalu kizima. Msimamo wangu ni kwamba kitalu kilichojaa watoto wa miti mitano ni kitalu kitupu kwa maana inayohusika hapa, na nimeeleza sababu katika ingizo linalofuata.

Kiangazi kikuu, mwishoni: suala la tembo

Mwaka 2025 jarida la Science Advances lilichapisha utafiti uliofanywa katika misitu ya Kameruni kuhusu uhusiano wa mti huu na tembo wa msituni. Matokeo yake ndiyo msingi wa mpango wetu, kwa hiyo yanastahili kuandikwa hapa kwa urefu. Katika maeneo ambayo tembo wametoweka, watafiti walikuta miti michanga ya abunusi imepungua kwa asilimia 68 hivi ikilinganishwa na maeneo ambayo tembo bado wapo. Tunda ni kubwa na mbegu zake ni kubwa. Wanyama wanaoweza kulimeza pamoja na mbegu zake na kuzitoa zikiwa nzima ni wachache, na tembo ndiye mkuu wao. Anapolimeza anafanya mambo mawili kwa mpigo. Kwanza anaibeba mbegu hadi mbali na mama yake. Pili anaiacha ndani ya kinyesi, na kinyesi hicho huificha mbegu dhidi ya panya, ambao wakiikuta wazi juu ya ardhi huitafuna hadi kiini.

Bila tembo, tunda huanguka, huoza palepale, na mbegu chache zinazonusurika huota chini ya mama. Kizazi kinachofuata hujikuta kimezungukwa na ndugu, na huzaana kindugu. Hapo ndipo penye hatari ambayo haionekani kwa macho, kwa maana msitu unaweza kuendelea kuwa na miti mikubwa ya abunusi kwa miongo mingi, ukaonekana mzima, ilhali kuzaliana kwake kulikwisha kusimama zamani. Miti tunayoipima leo iliota wakati tembo walikuwa wengi. Tembo wa msituni aliingizwa mwaka 2021 katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, baada ya tathmini kuonyesha kwamba idadi yake imeshuka kwa zaidi ya asilimia 86 katika muda wa miaka 31. Abunusi yenyewe imo katika orodha hiyohiyo, daraja mbili chini yake. Pembe na mbao hizi zilikutana pia katika biashara: kwenye piano za zamani vitufe vyeupe vilifunikwa kwa pembe za ndovu na vyeusi vilitengenezwa kwa abunusi, na msitu uliotoa vyote viwili ulilipa mara mbili.

Yanayofanana na haya yaliwahi kushughulikiwa kwingineko. Katika kisiwa kidogo cha Ile aux Aigrettes huko Mauritius, ambako kobe wakubwa wa asili walikuwa wametoweka zamani, kobe wa Aldabra walianza kuachiwa huru mwaka 2000, wakala matunda ya abunusi ya kisiwani, Diospyros egrettarum, na miche ikaanza kuota katika sehemu ambazo haikuwa imeonekana kwa muda mrefu. Sisi hatuna mnyama wa kuleta badala ya tembo. Tulicho nacho ni kitalu, na kwa hiyo kitalu lazima kifanye yale mawili: kichanganye mbegu za mama wengi na kuzipeleka mbali, na kizilinde dhidi ya panya. Pendekezo la kuvuna miti michache ya kando ya barabara linafanya la pili na kuliacha la kwanza, na ndiyo maana nimelikataa.

Mvua za kwanza: mbegu

Matunda yameanza kupatikana, ingawa si kwa miti yote. Baadhi ya majike tuliyoyaandikisha hayakuzaa chochote msimu huu, na hilo lilitarajiwa. Tumekubaliana kuchukua sehemu tu ya matunda yaliyoanguka chini ya kila mti na kuacha mengine, kwa kuwa wapo wanyama ambao bado wanayategemea.

Wenzetu waliowahi kuotesha mpingo, Dalbergia melanoxylon, huko Tanzania au Msumbiji, wanapaswa kuuweka kando uzoefu huo wanaposoma sehemu hii. Mpingo ni mti wa jamii ya kunde, unaozaa maganda mepesi yanayopeperushwa na upepo katika nchi kavu, na mbegu zake hukubali kukaushwa na kuwekwa ghalani. Mbao zake nyeusi zimefanya uhesabiwe pamoja na abunusi, lakini kwa mtu wa kitalu miti hii miwili haina undugu wowote. Mbegu ya Diospyros crassiflora haivumilii kukauka. Ikianikwa juani inakufa; ikihifadhiwa ndani ya mfuko wa karatasi mezani inakufa polepole bila kuonyesha dalili yoyote kwa nje, na mtu huweza kuipanda na kuimwagilia kwa miezi akingoja kitu ambacho hakipo tena. Hakuna benki ya mbegu ya kawaida, yenye kukausha na kugandisha, inayoweza kuuhifadhi mti huu kwa namna hiyo. Akiba yake pekee ni miti iliyosimama na miche iliyo hai.

Kwa hiyo utaratibu wetu umepangwa kwa kasi. Matunda yanapasuliwa siku yanapofika. Nyama inayonata huondolewa kwa kusugua mbegu ndani ya maji pamoja na mchanga wa chembe kubwa, kisha mbegu hukaguliwa moja moja kwenye mwanga, zenye tundu la mdudu zikitupwa. Zinazotoka mbali husafirishwa ndani ya vumbi la mbao lenye unyevu, katika ndoo iliyofunikwa kwa kitambaa na si kwa kifuniko cha plastiki, kwa sababu mbegu hai inapumua. Kila fungu hubaki na kibao chenye namba ya mti mama kutoka msituni hadi tutani. Kibao kikipotea, fungu hilo haliruhusiwi kuingia katika daftari la asili ya mbegu, hata kama mbegu zenyewe ni nzuri kiasi gani.

Tumekata chache kwa makusudi ili kuona hali ya ndani. Ukiipasua mbegu kwa kisu chenye makali utahisi ukinzani usioutarajia, kwa kuwa chakula cha akiba kilicho ndani ni kigumu kama pembe, cheupe kinachoelekea kijivu, na katikati yake kimelala kiinitete chembamba kilichonyooka. Kikiwa cheupe na kimejaa, mbegu ni hai. Kikiwa kimesinyaa au kimegeuka hudhurungi, fungu zima hutiliwa shaka na hukatwa mbegu nyingine za kulinganisha.

Jambo linalowashangaza wafanyakazi wapya ni mzizi. Mbegu inapopasuka, ncha inayotoka ni nyeupe, lakini haikai hivyo; muda mfupi baadaye mzizi mkuu unaanza kuwa mweusi kutoka juu kwenda chini, hadi ukiuchomoa mche mdogo unaona kamba nyeusi yenye ncha nyeupe tu mwishoni. Kijana mmoja aliyeajiriwa msimu huu alidhani miche imeshikwa na ugonjwa wa kuoza na akataka kuitupa. Weusi huo ni wa kawaida katika jenasi hii, ambayo mizizi yake ina kemikali za kundi la naftokwinoni, na sasa umeandikwa kwa herufi kubwa kwenye ubao wa kitalu ili asije mtu akatupa fungu zima la miche yenye afya.

Mvua za kwanza, zikielekea ukingoni: viriba na kivuli

Mche wa abunusi huwekeza chini kwanza. Sehemu ya juu huonekana kama imesimama, yenye majani machache, wakati mzizi mkuu unashuka moja kwa moja kutafuta kina. Hili ni jambo jema msituni na ni tatizo kitaluni. Viriba vifupi vinavyotumika kwa miche ya kakao vinapatikana kwa urahisi katika eneo hili, na tumevijaribu sambamba na viriba virefu na vyembamba. Katika viriba vifupi mzizi hugonga kitako mapema, hujikunja, na kuanza kuzunguka. Mche wa namna hiyo hautofautiani kwa juu na mwenzake, huweza hata kuwa na majani mabichi zaidi kwa sababu unamwagiliwa kila siku, lakini ukipandwa shambani mzizi uliojikunja haunyooki tena, na mti unaotakiwa kusimama kwa karne nzima unaanza maisha ukiwa na fundo mguuni. Uamuzi ni kutumia viriba virefu peke yake, vilivyotobolewa chini, na kuviweka juu ya chaga ili mzizi unaochomoza ukutane na hewa na kukoma wenyewe.

Udongo ni wa juu wa msituni uliochanganywa na mchanga wa mtoni na mboji iliyoiva vizuri. Mboji mbichi imekatazwa kabisa, kwa sababu joto lake huunguza mizizi na harufu yake huwaita panya. Juu ya matuta ya kuoteshea tumeweka wavu wa waya wenye matundu madogo, uliozikwa kidogo pande zote. Wavu huo ndio kifaa muhimu kuliko vyote kitaluni na ndio uliopingwa zaidi wakati wa kupanga bajeti; sehemu moja ya tuta iliyoachwa wazi usiku kwa ajili ya matengenezo ilifukuliwa mbegu kwa mbegu, na tangu hapo hakuna aliyeuliza tena wavu ni wa nini.

Kuhusu kivuli, mti huu huvumilia giza la chini ya msitu kwa miaka mingi, na wapo wanaohitimisha kwamba basi unataka giza. Kuvumilia si kupenda. Chini ya kivuli kizito cha makuti ya mwale miche yetu imebaki hai bila kuongezeka, ilhali chini ya kivuli cha wastani, kinachoruhusu karibu nusu ya mwanga, imetoa majani mapya. Jua kali la moja kwa moja hugeuza majani kuwa ya njano na kuyakausha kingo. Tunapunguza makuti kidogo kidogo kila baada ya muda ili miche izoee, kazi inayotaka mtu mwenye subira na ngazi imara.

Kiangazi kifupi: mazungumzo na wakulima

Mvua zimepumzika na wakulima wana nafasi, kwa hiyo mikutano imefanyika sasa. Swali lililoulizwa katika kila kijiji lilikuwa lilelile: mkulima apande mti ambao hata mwanawe huenda asiuvune kwa nini? Sikuona busara kulizunguka. Abunusi hukua polepole sana, na kiini cheusi chenye thamani hujengeka ndani ya shina la rangi hafifu kwa kipindi cha miongo kadhaa. Hakuna anayeweza kumwahidi mtu kwamba mti fulani utakuwa mweusi kabisa, kwa sababu kwa nje haijulikani. Kwa muda mrefu wakataji waliangusha mti, wakautazama, na wakaupenda au wakauacha ukioza.

Hapa niliwaeleza kisa kinachojulikana sana katika biashara hii. Mwaka 2011 kampuni ya magitaa ya Taylor Guitars ya Marekani, pamoja na kampuni ya Madinter ya Hispania, zilinunua Crelicam, kiwanda cha mbao za abunusi kilichoko Yaoundé. Bob Taylor, mmoja wa waanzilishi wa Taylor Guitars, ameeleza hadharani kwamba aliwauliza wakataji wanaangusha miti mingapi ili kupata mmoja mweusi, na jibu likawa kumi. Tisa iliachwa msituni kwa sababu kiini chake kilikuwa na michirizi ya kahawia na soko lilikuwa halikitaki. Kampuni yake ikaamua kutumia pia mbao zenye michirizi kwenye magitaa yake. Mwaka 2014 ilipewa tuzo ya Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani kwa makampuni, na mwaka 2016 ilianza, pamoja na Taasisi ya Bonde la Kongo na wanavijiji, mradi wa kupanda abunusi uliolenga kwanza miti 15,000. Sisi si sehemu ya mradi huo, lakini tumejifunza mengi kwake, hasa jambo moja: kumpa mkulima mche wa abunusi peke yake ni kumpa mzigo.

Kwa sababu hiyo kila familia inayochukua abunusi inachukua pia miche ya matunda: safou (Dacryodes edulis), embe-mwitu la Irvingia gabonensis, na parachichi. Hii huanza kuzaa katika miaka michache, inamfanya mkulima arudi kwenye kipande kilekile cha ardhi kila msimu, na mguu wa mkulima ndio ulinzi wa abunusi. Mama mmoja mwenye shamba la kakao alilisema vizuri kuliko nilivyoliandika katika mpango: yeye hatapalilia mti wa wajukuu, atapalilia safou yake, na mti wa wajukuu utapaliliwa kwa kuwa uko jirani.

Suala la umiliki lilichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia na lilistahili. Wakulima wengi wanaamini, na si bila sababu, kwamba mti wa thamani ukikua ni wa serikali. Miti iliyoota yenyewe msituni na ile iliyopandwa na mtu katika ardhi yake haitazamwi sawa kisheria, iwe katika sheria ya misitu ya mwaka 1994 au katika sheria mpya ya mwaka 2024, lakini anayedai kwamba alipanda ndiye atakayetakiwa kuonyesha hivyo, na baada ya miaka 60 hakuna shahidi aliye hai. Tumeamua kila mti upandwe katika mstari unaoonekana, uandikwe mahali ulipo kwa vipimo vya setilaiti, na hati yenye sahihi ya mkulima, chifu na mradi itolewe kwa nakala tatu. Karatasi huliwa na mchwa, kwa hiyo nakala moja itawekwa nje ya kijiji.

Mvua kubwa: kupanda

Upandaji umefanyika mara baada ya mvua kutulia katika mtindo wa kila siku na udongo kulowa hadi chini. Mashimo yamechimbwa kwa kina kinachozidi urefu wa kiriba, na viriba vimechanwa kwa wembe upande mmoja bila kuvunja donge la udongo. Miche imewekwa katika mashamba ya kakao yenye miti ya kivuli na katika mashamba yaliyopumzishwa ambako vichaka vimeanza kurudi. Hatujaweka hata mmoja katika uwanja wazi. Katika mashamba yaliyopumzishwa tumefyeka mistari myembamba tu, tukiacha vichaka vya pande zote mbili visimame kama kuta. Mwanga unashuka kutoka juu, upepo unazuiwa, na udongo haukauki.

Mchanganyo wa mama umezingatiwa hadi mwisho. Hakuna mkulima aliyepewa miche ya mti mama mmoja tu, na miche ya mama mmoja haikupandwa jirani katika mstari. Kazi hii ya kupanga upya miche kabla ya kuigawa ilichelewesha ugawaji na ilileta manung'uniko kwa waliosubiri na baiskeli zao langoni. Naiona kuwa ndiyo kazi iliyotofautisha mradi huu na ugawaji wa kawaida wa miche, kwa maana iwapo miti hii itachanua siku moja, dume na jike watakaokaribiana hawatakuwa watoto wa mti mmoja. Kwa kuwa jinsia haijulikani mapema, tumeepuka pia kupanda miti miwili au mitatu tu kwa shamba. Kikundi kidogo hivyo kinaweza kuangukia kuwa cha dume peke yake.

Hasara za mwanzo hazikutoka tulikokuwa tukitazama. Tulijiandaa kwa funo na kwa ukame, na kweli majani ya miche kadhaa yameliwa, lakini iliyo mingi kati ya iliyopotea ilikatwa kwa panga wakati wa palizi. Mche wa abunusi wenye majani matano, ukisimama katikati ya magugu yenye kimo cha goti, hauna chochote cha kumwonya mtu anayefyeka kwa kasi. Vijiti vya alama vilivyopakwa chokaa vilififia baada ya mvua chache. Mkulima mmoja alianza kupanda mgomba mchanga hatua moja kutoka kila mche, na katika shamba lake hakuna uliokatwa, kwa kuwa kila mtu hupunguza mwendo anapokaribia mgomba. Mbinu hiyo imechukuliwa kwa mashamba yote ya msimu ujao, na mgomba unatoa pia kivuli cha muda.

Kiangazi kikuu tena: kinachohesabiwa

Ukaguzi wa kwanza baada ya mvua umekamilika. Miche iliyotoka katika viriba virefu imeshika vizuri na baadhi imetoa jozi mpya za majani; ile michache ya viriba vifupi, iliyopandwa kando kwa ajili ya kulinganisha, inanyauka mapema mchana jua linapokaza. Nimefukua mmoja uliokufa katika kundi hilo na kukuta mzizi umezunguka kwa umbo la kiriba chake, bila kuutoka.

Mfadhili wetu ameomba taarifa ya idadi ya miche iliyogawiwa, na atapewa. Nimeongeza katika taarifa hiyo safu mbili ambazo hakuziomba: idadi ya miti mama iliyowakilishwa, na miche itakayokuwa hai katika mwaka wa tatu na wa tano. Miradi ya kupanda miti hujisifu kwa namba ya siku ya ugawaji, na kwa mti wa namna hii namba hiyo haielezi lolote, kwa sababu hata mche uliokwisha kuoza mzizi husimama kijani siku ya kupigwa picha.

Kwa msimu ujao, ukusanyaji utahamia upande wa mashariki wa eneo letu, kuelekea sehemu ambazo waongozaji wetu wa Baka wanasema tembo bado hupita. Tutatafuta mbegu katika vinyesi vya zamani, tuziandikishe katika fungu lake, na kuziotesha kando ya zile zilizookotwa chini ya miti, kwa udongo uleule na kivuli kilekile. Kila fungu la kinyesi kimoja linaweza kuwa na mbegu za mama kadhaa, jambo ambalo daftari letu la sasa halina nafasi ya kuliandika, kwa hiyo daftari linachorwa upya wiki hii kabla ya safari. Wavu wa ziada umeshaagizwa.